Jinsi ya Kutumia Ulinganifu Unaposanifu Kenchi, Boriti na Nguzo

Anayesanifu kenchi ya ukumbi kwa kawaida huchora nusu yake tu. Akishamaliza mteremko wa kushoto, huiamuru programu igeuze mchoro kama kwenye kioo, na mara moja kenchi nzima inajitokeza ikiwa na kilele katikati na pande mbili zinazofanana. Kazi imepungua, fundi atakata vipande vya kila kipimo viwili viwili, na jengo litapendeza. Yapo hata hivyo maswali mawili ambayo wengi hawajiulizi wanapobonyeza kitufe hicho. Je, kenchi iliyo nyepesi kuliko zote zinazoweza kubeba mzigo ule ni lazima iwe na pande mbili sawa? Na je, hesabu ya nusu moja inatosha kuthibitisha kwamba kenchi nzima iko salama? Jibu la swali la kwanza ni kwamba mara nyingi ndivyo, ila si kila mara. Jibu la swali la pili ni kwamba hesabu hiyo inatosha kwa mambo fulani tu. Mwongozo huu umeandikwa kwa mwanafunzi wa uhandisi, mchoraji na msimamizi wa ujenzi anayejua hesabu za msawazo wa kani, ili aweze kutambua hali moja na nyingine kabla chuma hakijanunuliwa.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo lenyewe ni linganifu

Ulinganifu unaozungumzwa hapa ni ule wa kioo: ukikunja mchoro kwenye mstari wa katikati, upande wa kushoto unalala juu ya ule wa kulia bila kuacha tofauti. Wasanifu wengi hulitazama umbo peke yake, wakaridhika. Haitoshi. Kabla ya kuugawa mchoro unapaswa kukagua nafasi inayoruhusiwa kujengwa, maegemeo, mizigo, na masharti ya usanifu, yaani aina ya chuma au mbao, mkazo wa juu unaokubalika, kiwango cha kushuka kinachoruhusiwa na orodha ya vipimo vinavyopatikana. Mambo haya manne lazima yawe linganifu yote. Moja likikosekana, ulinganifu wa mengine hautoshi peke yake.

Maegemeo ndiyo yanayodanganya zaidi. Kenchi ndefu ya chuma aghalabu hufungwa imara kwenye ukuta mmoja, na upande wa pili huachiwa nafasi ya kuteleza kidogo ili chuma kinapotanuka kwa joto kisiusukume ukuta. Kwa kutazama tu, hapo ulinganifu umevunjika. Hata hivyo, mizigo ikiwa ya wima peke yake, kani zilizomo ndani ya vipande hubaki linganifu, kwa sababu egemeo lililofungwa halidaiwi msukumo wowote wa mlalo. Kinachotofautiana ni kwamba kenchi nzima inasogea kidogo kuelekea upande unaoteleza. Kwa mizigo hiyo unaweza kuhesabu nusu bila wasiwasi. Upepo unapovuma kutoka ubavuni mambo yanageuka: kani yote ya mlalo inapokelewa na upande uliofungwa, na mchoro wa nusu hauwezi kulieleza jambo hilo. Vivyo hivyo, daraja lenye boriti moja inayopita juu ya nguzo kadhaa, ambalo msingi wake mmoja umekaa juu ya mwamba na mwingine juu ya udongo wa mfinyanzi, si linganifu hata kama mchoro wake unapendeza kiasi gani, kwa maana msingi mmoja utashuka kuliko mwingine na boriti itaingiwa na momenti (nguvu za kuikunja) ambazo hazikuhesabiwa.

Mizigo nayo inahitaji macho ya mtu aliyewahi kupanda juu ya dari. Niliwahi kukagua paa la ukumbi ambalo kenchi zake zilichorwa kwa ulinganifu kamili, nikakuta tangi la maji la lita 1,000 limewekwa juu ya vipande vya chini vya kenchi mbili, karibu na ukuta wa upande mmoja. Maji hayo pekee ni tani moja, karibu kilonewtoni 10. Kenchi zilihesabiwa nusu, na tangi halikuwemo katika nusu yoyote. Hakuna kilichoanguka, lakini vipande viwili vya mshazari vilikuwa vimeanza kupinda kiasi cha kuonekana kwa jicho, na tangi likahamishiwa kwenye mnara wake nje ya jengo. Tangu siku hiyo siulizi tu kitu gani kitawekwa juu ya paa. Ninauliza kitawekwa upande gani.

Ipo hali moja ambayo inaonekana kukosa ulinganifu ilhali inao. Upepo wa kutoka kushoto si mzigo linganifu, lakini upepo huohuo unaweza siku nyingine kuvuma kutoka kulia kwa nguvu ileile. Ukikusanya hali zote za mizigo ambazo jengo litakutana nazo, mkusanyiko huo kwa jumla ni linganifu, kwa kuwa kila hali ina mwenzake wa upande wa pili. Kwa hiyo ni haki kutafuta muundo wenye pande mbili sawa, ingawa kila hali ya upepo itahesabiwa kwa njia tofauti, kama tutakavyoona.

Kwa nini pande mbili sawa hutosha

Chukua muundo mdogo kuliko yote: vipande viwili vya chuma vyenye urefu sawa, vinavyokutana kileleni kama herufi V iliyopinduliwa, miguu yake imefungwa chini kwa pini (kiungo kinachoruhusu kipande kuzunguka), na mzigo unaning'inia kileleni. Ulinganifu unakupunguzia kazi papo hapo, kwa kuwa kinachobaki kutafutwa ni pembe moja na eneo moja la mkato, yaani eneo la uso unaoonekana kipande kikikatwa. Ukihesabu chuma kinachohitajika kwa mkazo uliowekwa, utaona kwamba pembe ya digrii 45 kutoka mlalo ndiyo inayotumia kidogo zaidi, na kwamba ukiinamisha vipande hadi digrii 30, au ukivisimamisha hadi digrii 60, chuma kinaongezeka kwa karibu asilimia 15.

Sasa tuseme jumla ya maeneo ya mkato tuliyopewa ni sentimita za mraba 20, nasi tunataka kilele kishuke kidogo iwezekanavyo. Kani iliyomo katika kila kipande inaamuliwa na msawazo wa kilele, hivyo ni ileile hata tukibadilisha unene. Kushuka kwa kilele kunaendana na jumla ya 1 gawanya kwa eneo la kila kipande. Tukivipa vipande 10 na 10, jumla hiyo ni 0.200. Tukivipa 14 na 6, tunapata 0.0714 na 0.1667, jumla 0.238, yaani kilele kinashuka zaidi kwa asilimia 19, na mkazo katika kipande chembamba unapanda kwa theluthi mbili. Hakuna chuma kilichopotea. Kimewekwa tu mahali pasipokihitaji.

Mfano huo ni kivuli cha hoja pana. Chukua muundo wowote usio linganifu unaotatua tatizo linganifu. Taswira yake ya kioo nayo inalitatua kwa ubora uleule, maana tatizo haliwezi kutofautisha kushoto na kulia. Ukichukua wastani wa miundo hiyo miwili, kila kipande kikipewa nusu ya jumla ya eneo lake na eneo la pacha wake, unapata muundo linganifu wenye uzito uleule. Na kwa sababu ulegevu wa muundo, yaani kiasi unachoshuka chini ya mzigo, ukichorwa dhidi ya maeneo ya vipande, unafuata umbo la bakuli lililokaa wima, ulegevu wa wastani hauwezi kuzidi ule wa miundo uliyoanza nayo. Kwa hiyo daima kuna angalau muundo mmoja linganifu ulio bora sawa na bora wowote. Unaweza kuwapo mwingine usio linganifu wenye uzito huohuo. Katika hali hiyo ninashauri uchague ule linganifu, kwa sababu karakana itatengeneza vipande vya aina chache na makosa ya kuunganisha yatapungua.

Hoja hii inashika pale tu unapobadilisha maeneo ya mkato, maeneo hayo yakiweza kuwa ya kiasi chochote, viungo vikikaa mahali pake, na chuma kikirudi katika urefu wake wa awali mzigo unapoondolewa. Mara unapoanza kuhamisha viungo, bakuli linageuka kuwa nchi yenye mabonde mengi, na hakikisho linatoweka. Hali ni hiyohiyo kwa programu zinazoanza na bamba zima na kulitoboa hatua kwa hatua mpaka kubaki mifupa, kwa kuwa nyingi zinaulazimisha kila mraba mdogo uwe chuma kamili au uwazi kamili. Mhandisi A. G. M. Michell wa Melbourne, aliyechapisha mwaka 1904 masharti ya fremu nyepesi kuliko zote, aliruhusu vipande vya unene wowote na vya idadi yoyote, na ndiyo maana michoro yake ya mzigo wa katikati inatoka linganifu kama njiti za gurudumu. Karakana haina uhuru huo.

Namna ya kuugawa muundo

Ukisharidhika kwamba tatizo ni linganifu, kata mchoro kwenye mstari wa katikati na ubaki na nusu moja. Kila kiungo kilicho juu ya mstari huo kiruhusiwe kupanda na kushuka, lakini kizuiwe kwenda kushoto au kulia. Na ikiwa vipande vimechomelewa hivi kwamba vinapitisha momenti, kizuiwe pia kuzunguka. Sababu yake ni rahisi: kitu kilicho katikati kikisogea kulia, taswira yake ya kioo imesogea kushoto, na kitu kimoja hakiwezi kwenda pande mbili kwa wakati mmoja.

Kosa linalorudiwa sana linahusu kipande kinacholala juu ya mstari wenyewe, mathalani nguzo ya kati inayoshuka kutoka kileleni. Kipande hicho ni mali ya nusu zote mbili, kwa hiyo katika mchoro wa nusu kinapewa nusu ya eneo lake, na mzigo uliopo kwenye kiungo cha kati nao unagawanywa kwa mbili. Ikiwa nguzo ya kati ina sentimita za mraba 12, ingiza 6. Programu ikikuonyesha kani ya kilonewtoni 9, kani halisi ni 18, na mkazo ni uleule, kilonewtoni 1.5 kwa kila sentimita ya mraba. Anayesahau kugawa eneo huipa nguzo hiyo ukakamavu mara mbili ya ule ilio nao. Anayesahau kuzidisha kani huinunulia kipande dhaifu. Nimeyaona makosa yote mawili katika ripoti moja, na kwa bahati mbaya hayakufutana.

Mzigo usio linganifu haukulazimishi kurudi kwenye mchoro mzima. Unaweza kuugawa katika sehemu mbili, moja linganifu na nyingine ya ulinganifu kinyume (upande mmoja ukielekea kinyume cha mwingine), ukahesabu nusu mara mbili na kujumlisha. Tazama boriti ya mita 8 iliyokaa juu ya maegemeo mawili, ikiwa na mzigo mmoja wa kilonewtoni 40 ulio mita 2 kutoka kushoto. Katika sehemu ya kwanza weka kilonewtoni 20 kwenye mita ya 2 na 20 nyingine kwenye mita ya 6, zote zikielekea chini: kila egemeo linabeba 20, na momenti ya katikati ni kilonewtoni-mita 40. Katika sehemu ya pili weka 20 kwenda chini kwenye mita ya 2, na 20 kwenda juu kwenye mita ya 6: egemeo la kushoto linabeba 10, la kulia linavutwa juu kwa 10, na momenti ya katikati ni sifuri. Ukijumlisha, kushoto unapata 30, kulia 10, na katikati momenti ya 40. Hesabu ya moja kwa moja ya boriti nzima inatoa majibu hayohayo.

Katika sehemu ya ulinganifu kinyume masharti ya mstari wa katikati yanageuka kabisa: kiungo cha kati kinazuiwa kupanda na kushuka, lakini kinaachwa huru kwenda mlalo na kuzunguka. Kariri tofauti hii vizuri kwa kuwa ndiyo itakayokuokoa kwenye hesabu za kupinda, tunakoelekea.

Vipimo vya dukani havifuati wastani

Tulipochukua wastani wa 14 na 6 tukapata 10, na tukadhani kwamba bomba la sentimita za mraba 10 lipo. Muuza chuma hauzi wastani. Tuseme duka lina vipimo viwili tu, vya sentimita za mraba 8 na 14, na sharti la kushuka kwa kilele linadai jumla yetu ya 1 gawanya kwa eneo isizidi 0.200. Vipande viwili vya 8 vinatoa 0.250, na havifai. Vipande viwili vya 14 vinatoa 0.143, vinafaa, na jumla ya maeneo ni 28. Ukichanganya 8 na 14 unapata 0.125 na 0.0714, jumla 0.196, ambayo inafaa, na jumla ya maeneo ni 22. Muundo usio linganifu umepunguza chuma kwa zaidi ya asilimia 21 kuliko ule linganifu ulio bora, ingawa umbo, maegemeo na mzigo ni linganifu kabisa.

Jambo hili liliwashangaza hata watafiti. Mwaka 2010 Mathias Stolpe alionyesha kwa mifano kwamba, katika matatizo ya aina hii yenye machaguo ya kuhesabika, suluhisho bora linaweza kukosa ulinganifu ambao tatizo lenyewe linao. Kwa msanifu, maana yake ni hii: ikiwa unachagua kutoka orodha fupi ya vipimo, usiifunge programu kwa sharti la pande sawa tangu mwanzo. Iache itafute kwa uhuru, kisha itafute tena kwa sharti la ulinganifu, na uzito wa majibu hayo mawili ukuambie ulinganifu unakugharimu kiasi gani.

Maoni yangu ni kwamba tofauti ikiwa ya asilimia chache tu, baki na pande sawa. Muundo wenye vipande vinavyotofautiana unamtaka fundi asome alama kila anapoinua kipande. Katika mfano wetu 8 na 14 zikibadilishana nafasi hakuna hasara, lakini stoo ikitoa 8 mbili kwa kenchi moja, kenchi hiyo haitimizi sharti. Tofauti ikifika asilimia 20 na kenchi zikiwa 40, hesabu inabadilika, na alama za rangi kwenye vipande ni gharama ndogo sana.

Kupinda kwa ghafla

Hapa ndipo hesabu ya nusu inapoua watu, na ninaomba msomaji apasome polepole. Kipande kirefu kinachosukumwa kutoka ncha zote mbili hakisubiri mpaka chuma kishindwe kwa mkazo. Mzigo ukifika kiwango fulani kinakwepa upande mmoja ghafla, kama fimbo nyembamba uliyoegemea. Jambo la kuzingatia ni kwamba kipande linganifu, chenye mzigo linganifu, kinaweza kukwepa kwa umbo lisilo linganifu.

Chukua nguzo ya bomba la chuma yenye urefu wa mita 6, yenye pini juu na chini, na iliyoshikiliwa katikati isiende kando. Ukakamavu wake dhidi ya kupinda, yaani moduli ya chuma (kipimo cha ugumu wake) ya gigapascal 200 mara momenti ya pili ya eneo (kipimo cha jinsi umbo la mkato linavyozuia kupinda) ya sentimita 50 kwa kipeo cha nne, ni kilonewtoni-mita za mraba 100. Msanifu anayependa kuokoa muda anakata nguzo katikati, anaizuia isizunguke pale ilipokatwa, na kuiuliza programu mzigo wa kupinda. Programu inajibu kilonewtoni 224. Nguzo halisi inapinda kwa kilonewtoni 110.

Programu haikukosea. Iliambiwa kwamba sehemu ya katikati haizunguki, na kwa masharti hayo jibu ni sahihi. Nguzo halisi haikuambiwa hivyo. Inapinda kama herufi S, nusu ya juu ikienda kushoto na nusu ya chini ikienda kulia, na katikati inazunguka kwa uhuru. Umbo hilo ni la ulinganifu kinyume, na sharti la kioo lilikuwa limelifuta kabla ya hesabu kuanza. Msanifu huyo ameidhinisha nguzo akiamini ina uwezo zaidi ya mara mbili ya ule ilio nao. Tao lenye pini miguuni hufanya vivyo hivyo, likizama upande mmoja na kuinuka upande wa pili, na fremu ya godauni yenye nguzo mbili huyumba ubavuni hata pale mizigo yote ni ya wima. Kwa hiyo kila unapohesabu kupinda kwa kutumia nusu, hesabu mara mbili, kwa masharti linganifu na kwa masharti ya ulinganifu kinyume, kisha uchukue mzigo ulio mdogo. Ukiwa na shaka hata kidogo, hesabu muundo mzima.

Wataalamu wakubwa nao walijikwaa hapa. Mwaka 1962 Iradj Tadjbakhsh na Joseph Keller walitangaza umbo la nguzo bora iliyofungwa imara ncha zote mbili, wakidai kwamba kwa chuma kilekile inabeba theluthi moja zaidi kuliko nguzo ya unene mmoja. Umbo lao lilikuwa na sehemu mbili ambapo unene unafikia sifuri, kwa sababu walizingatia umbo moja tu la kupinda, na katika umbo hilo sehemu hizo hazina momenti. Mwaka 1977 Niels Olhoff na Steen Rasmussen walionyesha kwamba nguzo ile ingepinda kwa umbo la pili kabla ya kufika mzigo uliodaiwa. Nguzo iliyo bora kweli ina maumbo mawili yanayofika kwa mzigo mmoja, moja linganifu na jingine la ulinganifu kinyume. Haina sehemu yenye unene wa sifuri, na nyongeza yake ni karibu asilimia 32.6. Nambari mbili hizo zinakaribiana, lakini nguzo moja inasimama na nyingine haisimami.

Kisa hicho kina onyo jingine ndani yake. Programu ya kuboresha, ikiachwa ipunguze chuma bila kizuizi, huelekea pale ambapo maumbo kadhaa ya kupinda yanakutana kwa mzigo mmoja. W. T. Koiter, katika tasnifu yake ya mwaka 1945 huko Delft, aliweka msingi wa kueleza kwa nini miundo ya namna hiyo huweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake kwa kasoro ndogo tu ya umbo, hasa magamba membamba kama ya matangi na maghala ya duara. Usiridhike na mzigo uliohesabiwa kwa umbo kamilifu. Liharibu umbo kidogo, uhesabu tena.

Nami niongeze jambo dogo kuhusu mikato ya nguzo, kwa kuwa wengi huamini kwamba ulinganifu ukizidi ubora nao unazidi. Duara lina ulinganifu wa kila upande, lakini kwa nguzo iliyojaa, isiyo na uwazi ndani wala mbonyeo nje, pembetatu yenye pande sawa ndiyo inayopinda kwa shida zaidi: kwa eneo lilelile inabeba karibu asilimia 21 zaidi ya duara. Keller alionyesha mwaka 1960 kwamba nguzo ya pembetatu yenye pini ncha zote mbili, ikinenepa katikati na kupungua kuelekea miisho, inafika asilimia 61.2 juu ya nguzo ya duara yenye unene mmoja.

Unapoiachia programu ifanye kazi

Programu nyingi za kuboresha miundo zinakuruhusu kuunganisha vipande viwili viwili ili kila pacha wapewe eneo moja. Tumia njia hiyo badala ya kukata mchoro kila unapokuwa na mizigo ya upepo au hesabu za kupinda, kwa sababu muundo unabaki mzima, maumbo yote ya kupinda yanaonekana, na bado idadi ya vitu vya kutafuta imepungua kwa nusu. Ikiwa programu yako haina uwezo huo, chukua wastani wa maeneo ya kila pacha baada ya kila mzunguko wa hesabu.

Ukiiacha huru na ikaleta jibu lisilo linganifu, usikimbilie kulipuuza wala kulisifu. Kagua kwanza kama wavu wa hesabu wenyewe (vipande vidogo ambavyo programu imeugawa muundo) ni linganifu, maana pembetatu za wavu zilizolala upande mmoja zinatosha kuupinda muundo. Kisha geuza jibu kama kwenye kioo, uliingize tena programuni, na uone kama uzito na kushuka ni vilevile. Yakitofautiana, tatizo uliloingiza si linganifu, na huenda kuna mzigo au egemeo uliloliandika vibaya.

Na pale ambapo tatizo si linganifu, usilazimishe. Daraja la Alamillo mjini Sevilla, Hispania, lililokamilika mwaka 1992, lina mnara mmoja ulioinamishwa nyuma ili uzito wake uvute nyaya zinazobeba njia ya mita 200, bila nyaya za upande wa pili. Uamuzi huo ulidai mnara mzito sana. Kwenye daraja la nyaya la kawaida, kama lile la Kigamboni jijini Dar es Salaam lililofunguliwa mwaka 2016, nyaya za pande mbili za mnara zinavutana na kusawazishana, na mnara unabaki na kazi ya kushusha mzigo chini. Hata hivyo bonde lenye ukingo mmoja wa mwamba na mwingine wa tope linaweza kudai mnara mmoja upande wa mwamba, na hapo muundo linganifu ndio ungekuwa ghali.

Kwa vyovyote utakavyofika kwenye mchoro wa mwisho, usiutie sahihi kabla hujauhesabu ukiwa mzima, ukiwa na mzigo kamili upande mmoja na upande wa pili ukiwa mtupu, na ukiwa umeinamishwa kidogo. Kanuni ya Ulaya ya miundo ya chuma, EN 1993-1-1, katika toleo la mwaka 2005, inaanza na mwinamo wa 1 kwa 200, ambao kwa nguzo ya mita 4 ni milimita 20. Inamisha fremu kushoto, soma kani. Inamisha kulia, soma tena. Kwa muundo linganifu, orodha ya pili inapaswa kuwa taswira ya kioo ya ile ya kwanza. Kipande ambacho nambari zake hazioani na za pacha wake ndicho cha kukagua kwanza.